Tuhesabu siku za ukarabati, siyo idadi ya kompyuta

Kila bajeti inaposomwa, iwe Nairobi au mjini Kakamega, tunatajiwa idadi. Kompyuta kadhaa zitanunuliwa, shule kadhaa zitaunganishwa na mtandao, zahanati kadhaa zitaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mimi hutengeneza mashine hizo zikishaharibika, na bado sijasikia msomaji wa bajeti akitaja idadi ninayoitafuta: kompyuta ikifa leo, itakaa siku ngapi kabla ya kurudi kazini? Kazi yangu iko Buyangu, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega upande wa kaskazini, na nasema bila kusitasita kwamba siku hizo ndizo zinazoamua kama pesa ya umma imefanya kazi au imepotea.

Asiyejua Buyangu ashike barabara ya Kakamega kwenda Webuye, kisha akate kulia kwenye murram kuelekea lango la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wageni huja kupanda kilima cha Buyangu na kutazama msitu ulivyotanda chini yao. Sisi wenyeji tunaujua msitu huo kwa mvua yake. Kwa mwaka mmoja hunyesha karibu milimita 2,000, nyingi ikianguka alasiri, na ngurumo juu yake, kwa kuwa bonde zima la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Radi ikipiga laini, stima hupotea. Watu wengi hudhani kompyuta huumia stima inapopotea. Mimi ninayezifungua najua kuwa nyingi huumia stima inaporudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo.

Fungua pawa saplai iliyopitia kishindo hicho, harufu itakuambia kabla ya macho. Kapasita zimefura vichwani, nyingine zimepasuka na kutoa ute wa kahawia uliokauka juu ya bodi. Hapa kwetu utakuta na mengine ambayo hayamo kwenye kitabu cha kiwanda. Nyigu hujenga nyumba ya udongo kwenye matundu ya feni. Sisimizi huhamia ndani ya soketi kwa sababu kuna joto. Unyevu wa msitu huacha ukungu wa kijani kwenye meno ya kadi ya kumbukumbu, RAM, na hayo tunayasugua kwa raba ya penseli, taratibu, mpaka dhahabu yake ionekane tena. Ni kazi ya dakika kumi, na baada yake mashine huwaka kama kawaida.

Kuna shule moja, sitaitaja, iliyokuwa imezirundika kompyuta zake kwenye stoo ya jembe na magunia. Mwalimu aliyeniita alikuwa amekata tamaa. “Fundi, hizi zilikufa zamani,” akaniambia. “Zinawaka, lakini kila tovuti ya serikali zinaikataa.” Niliwasha moja, nikatazama kona ya skrini: mashine iliamini kuwa ni Januari mwaka 2010. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo, bapa, inayoitwa CR2032, ambayo kazi yake ni kuiwezesha ikumbuke tarehe hata ikichomolewa. Betri ikiisha, tarehe inarudi nyuma. Tovuti salama hukaguliwa kwa hati zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hivyo kompyuta iliyoko mwaka 2010 huona kila hati ni batili na kukataa kufungua ukurasa. “Mwalimu,” nikamwambia, “hazijafa. Zimesahau tarehe.” Betri yenyewe niliinunua kwa bei isiyofika shilingi mia moja. Watoto walikuwa wamekaa bila kompyuta kwa muhula na zaidi.

Jambo hilo lina hesabu yake, na hesabu yenyewe haihitaji digrii. Wahandisi huchukua wastani wa muda ambao mashine hufanya kazi kabla ya kuharibika, wakauweka juu. Chini wanaweka muda huo huo pamoja na muda wa kuitengeneza. Jibu ni sehemu ya maisha ya mashine ambayo inapatikana kwa kazi. Chukua mfano wa kompyuta inayoharibika mara moja kila siku 120, jambo la kawaida mahali penye stima kama yetu. Ikiwa Nairobi, ambako fundi na kipuri viko mtaa wa pili, itarudi kwa siku moja. 120 gawanya kwa 121: iko kazini siku 99 katika kila 100. Mashine hiyo hiyo ilete kijijini ambako ukarabati huchukua siku 60. 120 gawanya kwa 180: iko kazini siku 67 katika kila 100. Haijabadilika chapa wala umri. Kilichobadilika ni siku za kungoja.

Sasa mtu atasema tununue mashine imara zaidi. Vyema, tununue iliyo imara maradufu, inayokaa siku 240 kabla ya kuharibika, na siku za kungoja ziendelee kuwa 60. 240 gawanya kwa 300, tunapata 80 kwa 100. Tumelipa pesa nyingi na bado tuko mbali. Lakini tukibaki na mashine ya kawaida na kupunguza kungoja kutoka siku 60 hadi siku 3, tunafika karibu 98 kwa 100. Hapa ndipo ninapotaka wanaopanga matumizi ya pesa zetu wakae na kalamu wahesabu wenyewe, wasiniamini mimi.

Siku 60 zinatoka wapi? Nimezitazama zikipita, kwa hivyo nitazieleza. Mwalimu huandika barua kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu husubiri bodi ya usimamizi, ambayo huenda isikutane mpaka muhula mwingine. Bodi ikikubali, zinahitajika kwotesheni tatu kutoka kwa mafundi watatu, nao wawili kati yao wako mjini. Aliyeshinda anataka mashine ipelekwe kwake, na mwenye kuipeleka lazima apewe nauli ya bodaboda na matatu. Kipuri hakipo Kakamega, kinaagizwa kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kikija, malipo yanangoja mgao wa serikali kwa shule, ambao mara nyingi huchelewa. Ndani ya mlolongo huo wote, muda wa bisibisi kushika skrubu ni saa moja, pengine isifike. Zingine zote ni siku za karatasi, na karatasi inaweza kupangwa upya bila kusubiri teknolojia yoyote kutoka ng'ambo.

Waliotangulia katika fani hii walilijua jambo hili tangu mwanzo. ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, ilikuwa na takriban taa za vioo 18,000. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kitu chenye taa nyingi hivyo hakiwezi kufanya kazi hata kidogo, kwani kila saa ingekuwepo iliyoungua. Presper Eckert, mmoja wa waliokibuni, aliamuru taa ziendeshwe kwa nguvu pungufu ya uwezo wake ili zidumu. Miaka mingi baadaye alieleza kuwa taa moja iliharibika takriban kila siku mbili, na waliweza kupata palipo na hitilafu ndani ya dakika 15. Mashine iliyoharibika kila baada ya siku mbili iliheshimika duniani kwa sababu ilirudishwa kazini kabla chai haijapoa.

Wauzaji hawapendi kuzungumzia muda huo. Wao hutuonyesha takwimu ya kutoharibika, na takwimu hiyo ina mtego. Chukua karatasi ya maelezo ya diski za kuhifadhia data: nyingi zimeandikwa kwamba wastani wa kuharibika ni saa 1,000,000. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka, utapata miaka 114. Hakuna diski inayoishi miaka 114, na kiwanda hakijadai hivyo. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski nyingi sana zikiwa bado changa, chini ya moja katika kila 100 itaharibika kwa mwaka. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichunguza diski takriban 100,000 zilizokuwa kazini. Karatasi za viwanda ziliahidi kiwango kisichozidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Walichokikuta, kwa kawaida, ni diski 2 hadi 4 katika kila 100 zikibadilishwa kwa mwaka, na mahali pengine hadi 13. Na hizo zilikuwa kwenye vyumba vyenye ubaridi na stima safi. Zetu ziko chini ya bati, na nyigu ndani.

Nchi yetu imeshalipa ada ya somo hili. Mwaka 2013 serikali iliyoingia madarakani iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni ya kwanza kufutwa, mradi ulianza kutekelezwa mwaka 2016, vifaa vikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP.SA Couto, na chuo cha JKUAT pamoja na Positivo BGH. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000: tableti za wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu kwa kila shule, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Kufikisha vifaa vingi hivyo, na stima juu yake, mpaka shule za mashambani kabisa, kulikuwa kazi kubwa na sitaibeza. Lakini ingia leo katika shule nyingi uulize vilipo. Vingine viliibwa. Vingi vimo kabatini vikiwa na betri zilizofura, chaja zilizokatika waya shingoni, au neno la siri lililosahaulika mwalimu aliyefunzwa alipohamishwa. Hizo ni hitilafu za kawaida kabisa, ambazo kila fundi huziona kila wiki. Kwa kila moja ilihitajika mtu wa karibu, kipuri cha bei ndogo na idhini ya kukinunua. Tuliwapa walimu vifaa, hatukuwapa idhini hiyo.

Tukitoka kwa mashine moja na kwenda kwa mfumo mzima, hesabu inakuwa kali zaidi. Juni 2023 Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye jukwaa la mtandaoni la eCitizen, na KWS nayo hupokea ada za kuingia hifadhini kwa njia hiyo. Mgeni anayefika lango la Buyangu hatoi noti. Ili aingie, simu yake lazima iwe na chaji, mlingoti wa mawasiliano uwe hewani, M-Pesa iitikie, eCitizen iitikie, kifaa cha karani langoni kiwe kizima, na stima ya kukichaji iwepo. Viungo sita. Tuseme kila kimoja kinapatikana mara 98 katika kila 100, kiwango ambacho mtu yeyote angekifurahia. Vyote sita kwa pamoja havipatikani mara 98. Unazidisha 0.98 kwa yenyewe kwa viungo vyote sita, na unapata karibu 0.89, yaani mara 89 katika kila 100. Kila kiongozi anayeongeza kiungo kipya kwenye huduma ya umma, hata kiwe kizuri namna gani, anapunguza nambari hiyo, na anapaswa kusema mbele ya watu kiungo hicho kitatengenezwa na nani.

Isitoshe, kuzidisha hivyo kunachukulia kwamba kila kiungo kinaharibika kivyake. Buyangu haiko hivyo. Wingu moja la saa tisa alasiri linakata stima ya lango, linachosha betri za mlingoti na kuzima ruta ya shule kwa wakati mmoja. Vinaanguka pamoja, na vinaanguka saa ambayo watu wamejipanga. Hata wakubwa walinaswa na hilo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Waliotegemea moja iwe akiba ya nyingine walikuta kwamba zilipita njia moja.

Na akiba isiyojaribiwa si akiba. Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia gizani. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyotakiwa kubeba sehemu ya abiria haikuwaka, na picha za wasafiri gizani zikazunguka duniani. Stima ilipotea tena kwa kiwango cha taifa Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Katikati ya mwaka, Julai 27, eCitizen yenyewe ilikuwa imeshambuliwa na wadukuzi, na hata ununuzi wa tokeni za stima ukatatizika. Sitaji haya kumlaumu yeyote. Nayataja kwa sababu aliyepanga huduma ya Buyangu akidhani stima na mtandao vipo daima alikuwa na tarehe nne ndani ya mwaka mmoja za kumwonyesha vinginevyo. Mpango mzuri una njia ya daftari na risiti ya mkono kwa siku hizo, na una ratiba ya kuwasha jenereta kila mwezi hata kama hakuna haja.

Kuna jambo la umri ambalo bajeti zetu hazilitambui. Vifaa vya elektroniki huharibika zaidi wiki za mwanzo, wakati kasoro za kiwandani zinapojitokeza. Kisha vinatulia miaka miwili mitatu. Kisha kuharibika kunapanda tena, kwa kuwa feni zimechoka, diski zimezeeka na kapasita zimekauka. Mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alichapisha mwaka 1951 hesabu inayotumika mpaka leo kukadiria mapito ya aina hiyo, kuanzia vyuma hadi vifaa vya umeme. Kwa mpangaji maana yake ni nyepesi: pesa ya ukarabati ya mwaka wa tano haiwezi kuwa sawa na ya mwaka wa pili. Sisi hufanya kinyume. Mwaka wa kwanza kuna ufunguzi, wageni na pesa. Mwaka wa tano, mashine zinapohitaji mkono zaidi, fungu limeshahamia kwenye mradi mwingine.

Ndiyo maana msaada wa kompyuta zilizotumika ng'ambo unapaswa kupokewa kwa macho. Hizo huja zikiwa tayari kwenye mlima wa uzeeni. Zikipitia mikono ya watu wanaozikagua, kubadilisha sehemu zilizochoka na kubaki karibu na shule, zinasaidia sana. Zikitua tu na picha kupigwa, shule imepewa gharama. Na uzee si wa chuma peke yake. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10, programu iliyomo kwenye kompyuta nyingi za saiba na ofisi zetu. Mashine hizo bado zinawaka vizuri, lakini mlango wake wa usalama haurekebishwi tena kama zamani, na nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye nazo ana njia tatu: anunue mpya, alipie muda wa nyongeza, au ahamie programu huria kama Linux na kuwafunza watumiaji wake. Zote tatu zina bei, na bei hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Ni ofisi ngapi za umma ziliiandika kwenye makadirio?

Zahanati nazo zimo. Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya afya ya zamani, NHIF, na usajili wa mgonjwa pamoja na madai ya malipo hupitia mfumo wa kidijitali. Mama aliyemleta mtoto mwenye homa hawezi kusubiri barua ya bodi. Mapema 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kuwa serikali haimiliki mfumo huo wa gharama ya takriban shilingi bilioni 104.8. Wanasiasa walibishana juu ya kiasi. Mimi nilitazama swali la fundi: asiyemiliki mfumo hana ruhusa ya kuufungua, na asiye na ruhusa ya kufungua anamsubiri mwenye nao. Muda wa kungoja huamuliwa siku ya kutia sahihi mkataba, mapema mno kabla ya hitilafu ya kwanza.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba pesa hazitoshi. Basi tuhesabu kwa pesa hizo hizo. Shule ina shilingi 1,000,000, na kompyuta moja tuseme ni shilingi 40,000. Inaweza kununua 25, isibakize kitu. Kwa siku 60 za kungoja, zitakazokuwa kazini siku yoyote ni karibu 17. Au inunue 20, ibakize shilingi 200,000 za vifaa vya kuzuia kishindo cha stima, pawa saplai mbili tatu za akiba, betri, diski, na malipo ya fundi wa karibu. Kwa siku 3 za kungoja, zitakuwa kazini zaidi ya 19. Shule iliyonunua chache ina nyingi. Mbunge atakayezindua 20 hatapigiwa makofi kama wa 25, lakini watoto hukaa mbele ya kompyuta, hawakai mbele ya makofi.

Jibu la pili huniuma zaidi: kwamba fundi wa kijijini ataharibu, au ataiba vipuri. Vijana wanaosoma teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapo mjini, na wale wa vyuo vya ufundi vya kaunti, wanarudi nyumbani kila mwaka wakiwa na ujuzi na bila kazi. Nimefanya kazi na baadhi yao. Ukimpa kijana bisibisi, kipima umeme na daftari la kuandika kila hitilafu, tarehe iliyoanza na tarehe iliyoisha, baada ya muda mfupi daftari hilo litajua zaidi kuhusu mashine za wadi yake kuliko ofisi yoyote Nairobi. Litaonyesha kwamba hitilafu nyingi ni za aina chache, kwamba zinafuata miezi ya radi, na kwamba kipuri fulani kinastahili kuwekwa akiba kabla ya Machi. Modeli yoyote ya gharama inayotengenezwa bila daftari la namna hiyo ni kubahatisha. Wizi unazuiwa kwa kuandika nambari za vipuri na kukagua, kama dawa zinavyoandikwa zahanatini.

Ninachokidai ni kidogo na kinaweza kuanza mwaka huu. Kila zabuni ya kompyuta ya umma iandike ndani yake idadi ya siku ambazo mashine iliyoharibika itakuwa imerudishwa, pamoja na faini kwa kila siku inayozidi. Kila mwalimu mkuu na kila msimamizi wa zahanati apewe ruhusa ya kutumia kiasi kidogo, hata shilingi elfu tano, kwa ukarabati bila kungoja kikao. Na kila wadi iwe na kabati moja la vipuri lenye mtu anayejulikana kwa jina. Waya wa kuingia ardhini uchimbiwe chini katika kila chumba cha kompyuta kabla kompyuta haijaingia. Nimeona vyumba vipya vilivyopakwa rangi nzuri na havina waya huo.

Kwa sheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo kuna vikao vya ushirikishi wa umma, ambavyo sisi wa Buyangu mara nyingi huviachia watu wa mjini. Zahanati na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kwa hizo muulizeni mbunge wenu na bodi ya shule. Nendeni. Mkisomewa idadi ya kompyuta zitakazonunuliwa, inueni mkono mwulize ukurasa gani una fungu la kuzitengeneza, ni kiasi gani, na nani ataitwa. Ukurasa huo ukikosekana, ombeni idadi ya kompyuta ipunguzwe mpaka upatikane.